Barbari ya Chini ya Daraja

Mzungu aliyenifundisha jina hilo hakukusudia kunifundisha chochote. Alikuwa mkaguzi wa meli, mtu mzima mwenye magoti mabovu, na siku hiyo alisimama kwenye dirisha la ofisi yetu karibu na Bandari ya Jeddah akitazama upande wa kusini, ambako mapaa ya mabati yalikuwa yamesongamana nyuma ya barabara kuu. Asubuhi ile alikuwa ameibiwa simu huko. "Pwani ya Barbari," akasema kwa Kiingereza chake, akamaliza chai yetu, akashuka ngazi kwa taabu. Wenzangu wawili, Mhindi wa hesabu na Mmisri wa forodha, hawakuinua vichwa. Mimi niliacha kupiga chapa.

Nilikuwa na shahada ya historia. Jeddah nilikuwa karani wa hati za mizigo: nahodha akileta karatasi, mimi nahakikisha kwamba kontena zilizoandikwa ndizo zilizomo. Kati ya shahada ile na kazi ile palikuwa na pengo, nami nililijaza kwa kuwaeleza watu mambo ambayo hawakuniuliza.

Jioni hiyo niliyemweleza ni mdogo wangu, kwa simu. Yeye alikuwa Riyadh. Kwetu tulizaliwa wavulana wawili na dada mmoja, huko milimani Taita, ambako asubuhi ukungu huingia jikoni bila kubisha hodi. Mimi nilikwenda Saudia kwa mkataba wa ofisini. Yeye alifuata baadaye, katika lile wimbi la miaka ya elfu mbili na kumi, wakati kila jengo la Nairobi lilikuwa na ajenti ghorofani na foleni ngazini. Alinibandika jina la Profesa tangu nilipofaulu mtihani wa darasa la nane, na hakunibandika kwa heshima.

"Niaje Profesa. Leo unatufundisha nini?"

Nikamweleza. Barbari ni jina ambalo Wazungu waliipa pwani ya kaskazini mwa Afrika, kuanzia Tripoli mpaka Moroko. Wayunani wa kale waliposikia watu wasiosema Kiyunani, masikioni mwao ilikuwa bar-bar-bar tu, wakawaita hivyo. Sisi Wataita tusicheke sana, nikamwambia, maana waungwana wa mwambao nao waliwaita babu zetu washenzi bila kuwauliza wanajiitaje. Basi, kwa karne kadhaa maharamia wa bandari zile waliteka meli za Wazungu na kuwashika mabaharia mpaka walipokombolewa. Kwamba Wazungu nao walikuwa na maharamia wao wenye baraka za wafalme, na kwamba nao waliwauza watu wa pwani ile kwenye masoko yao, hilo halikuingia katika jina.

"Wewe ulisomea mambo haya kwa pesa ya mama?"

"Sikiliza. Maharamia wakaisha, jina likabaki bila kazi. Halafu ikapatikana dhahabu Marekani, meli zikajaa San Francisco, na karibu na gati ukaota mtaa wa baa na kamari na wanawake. Baharia akiingia humo analeweshwa, anaamka yuko katikati ya bahari, ndani ya meli asiyoijua. Mwenye baa amemuuza kwa nahodha aliyekosa vibarua. Mtaa huo ndio wakauita Pwani ya Barbari. Na baada ya huo, miji mingine ikaazima jina, kila penye mtaa ambao polisi wanauogopa au wanagawana nao mapato."

Akacheka mpaka akakohoa.

"Profesa, hao ni sisi! Mtu analala Nairobi akiwa dereva wa kampuni, anaamka Riyadh akiwa mchunga mbuzi. Wewe ulidhani unanifundisha historia? Hiyo ni CV yangu."

Alikuwa na haki ya kusema. Mkataba aliotia sahihi ulimtaja dereva wa kampuni. Alichokikuta ni nyumba ya familia moja, ambako alimpeleka madam sokoni, akawapeleka watoto shule, akaosha magari ya shemeji za madam, na kila wiki akapelekwa shamba la jangwani kulisha mbuzi wa baba mwenye nyumba. Siku waliyotaka kumwacha huko shambani moja kwa moja, alifungua geti akaenda zake kwa miguu, pasi yake ikiwa imefungiwa kwenye sefu ya kafili, yaani huyo mwenye nyumba aliyemdhamini kuingia nchini. Kafili alimripoti kuwa ametoroka. Tangu hapo akawa mtu asiye na ikama, yaani asiye na kile kitambulisho ambacho bila hicho huwezi kukodi chumba, kutibiwa, wala kutoka nchini. Akaenda kukaa kwenye vichochoro nyuma ya Al-Dirah, mtaa mkongwe wa Riyadh, pamoja na wengine wa namna yake. Na kwa kuwa mimi nilikuwa nimempa jina, wiki haikupita kabla ya Wakenya wote wa kile kichochoro kuanza kusema wanakaa Barbari. Lilipokelewa kwa furaha. Nairobi tuna mitaa inaitwa Kosovo, tuna Baghdad, tuna Kandahar, na sijasikia kwamba kuna aliyekwenda kuwaomba ruhusa watu wa Baghdad.

Mwaka uliofuata ofisi ilinituma Riyadh kwa kazi fulani ya hati, nikaenda kumtembelea. Nilificha simu ndani ya soksi. Ndiyo, mtu mwenye shahada, aliyejua fika kwamba majina kama hayo hubandikwa na wenye dirisha, alitembea Al-Dirah akichechemea kwa sababu ya simu iliyomkaba kifundo.

Nilichokikuta ni chumba kilichopigwa deki, magodoro yamesimamishwa ukutani, na zamu za kupika zinazoheshimiwa kuliko amri kumi. Kinyozi Mtanzania alikuwa akinyoa mlangoni. Ugali ulitokana na unga wa duka la Wasudani, mweupe, mzuri kabisa. Siwezi kusema ilikuwa nyumba ya watawa. Chumba cha pili walikuwa wakipika pombe kwenye mapipa ya maji, na jamaa mmoja alikuwa na jeraha la chupa shavuni ambalo kila mtu alinieleza kwa namna tofauti. Nilipotoka, viatu vyangu havikuwepo mlangoni.

Mdogo wangu alishika mbavu. "Karibu Barbari! Simu umeilinda, viatu je?"

Nilirudi hotelini na ndara za mtu, moja ya bluu na moja ya kijani.

Nayaeleza haya kwa sababu ndivyo tulivyokuwa, yeye na mimi, kabla mama hajaanza kuugua. Ulikuwa mchezo wetu. Miaka ile meli zilizopanda kutoka kusini zilifika Jeddah zikiwa zimezungushiwa seng'enge kwa hofu ya maharamia wa pwani ya Somalia, na moja ilifika na masanamu ya majani yaliyovishwa ovaroli, yamesimamishwa sitahani yadhaniwe ni walinzi. Niliyapungia mkono kabla sijatambua. Nilimsimulia, naye akanitumia picha ya wenzake waliosinzia mlangoni, akaandika: walinzi wetu hawa hapa.

Kisha dada akapiga simu. Dada yetu ni mtu wa maneno machache na siku hiyo alikuwa nayo machache zaidi.

"Kaka, daktari amesema tumrudishe nyumbani."

"Amepona?"

"Hapana. Amesema tumrudishe nyumbani."

Nilielewa. Nikauliza mama mwenyewe anasemaje.

"Anasema anawataka. Hasemi kitu kingine. Akiamka anauliza kama mmefika, wewe na mdogo wako."

Nilimpigia mdogo wangu, nikampangia mambo kama mkubwa. Mimi, nikamwambia, nina ikama, nina mkataba, nina bosi anayenijua kwa jina. Nitaomba viza ya kutoka, nitakuwa Taita kabla ya wiki kwisha, na nitamwambia mama kwamba wewe uko njiani. Wewe tulia hapo ulipo, usije ukajiponza, tutaona namna. Nilisema "tutaona namna" kwa sauti ile ya watu ambao wana namna.

"Sawa Profesa," akasema. Hakutulia.

Siku chache baadaye alinipigia akiwa Balad, mji mkongwe wa Jeddah. Alikuwa amevuka jangwa lote nyuma ya lori la vitunguu. Nilimkuta kwenye mkahawa wa Myemeni, chini ya nyumba moja ya mawe ya matumbawe ambayo madirisha yake ya mbao yalikuwa yamelegea kama meno. Alikuwa amevaa suti nyeusi, shati jeupe, na kunyolewa vizuri. Alinuka vitunguu kidogo.

"Mbona suti?"

"Naenda kushikwa. Si vizuri mtu akamatwe akiwa ovyo ovyo."

"Unakwenda kushikwa wapi?"

"Huku kwenu. Wewe unaishi Jeddah na hujui? Riyadh nzima inajua."

Sikujua. Nilikuwa nimepita juu ya daraja lile mara nyingi ndani ya teksi, si mbali na Balad, na sikuwahi kuinamisha macho. Alinipeleka kwa miguu.

Chini ya daraja palikuwa na mji. Waindonesia, Wafilipino, Waethiopia, watu wa Sri Lanka, Wachadi, Wanigeria, wamekaa juu ya makadibodi na mablanketi, kila mmoja na mfuko wake, magari yakinguruma juu ya vichwa vyao. Wakazi wa mitaa ya jirani walikuwa na hadithi za kutisha kuhusu pale, na madereva wa teksi walipandisha vioo. Nami niseme kweli, nilipofika nilikagua kwanza njia ya kutokea. Kumbe watu wote wale walikuwa na ombi moja tu kwa serikali: wakamatwe. Kwa kuwa kafili ndiye anayeomba ruhusa yako ya kuondoka nchini, aliyemtoroka kafili hana mlango wa kutokea isipokuwa kufukuzwa. Siku nyingine basi la polisi lilikuja, likawachukua wale lilioweza kuwachukua, likawapeleka tarhili, kituo cha kuwarudisha watu makwao. Siku nyingine halikuja, na watu wakalala tena juu ya makadibodi wakiwalaumu polisi kwa uvivu.

Katika vitabu vyangu sikuwahi kukutana na mtaa wa wahalifu wanaokaa wamechana nywele, wakiwasubiri polisi kama wanavyosubiriwa wageni.

Foleni ilikuwa na mwenyewe, mwanamke wa Kiindonesia, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, aliyekuwa mpishi wa nyumba fulani kwa miaka mingi. Hakuna aliyemchagua. Watu walikuwa wakikanyagana kila basi linapofika, akaanza kuwapigia kelele, wakagundua kwamba kelele zake zinafaa. Utaratibu wake ulijulikana na wote: kwanza wajawazito na wenye watoto wachanga, kisha wagonjwa, kisha wenye msiba au mgonjwa mahututi kwao, kisha wengine kwa kadiri ya walivyofika. Ukisukuma, unarudi mwisho. Wanaume wa miraba minne walirudi mwisho wakinung'unika.

Mdogo wangu alimweleza habari ya mama kwa Kiarabu chetu kile cha kazini, kisicho na vitenzi. Yule mpishi akamtazama suti, kisha akanitazama mimi na kitambulisho cha ofisi kilichoning'inia shingoni.

"Hapa kila mtu mama mgonjwa," akasema. "Mafi, hakuna, mtu mama mzima. Piga simu."

"Kwa nani?"

"Kwa mama. Weka sauti."

Ilikuwa alasiri, na nyumbani jua lilikuwa linakaribia kushuka nyuma ya mlima. Dada alipokea, akapeleka simu kitandani. Sisi wawili na yule mpishi tukainamia ile simu, na nyuma yetu wakainama wengine, kwa sababu chini ya daraja hakuna faragha.

"Nyinyi," mama akasema. Sauti ilikuwa imepungua, lakini ilikuwa yake.

"Sisi, mama."

"Mmekula?"

"Tumekula."

"Hiyo kelele ni ya nini?"

"Magari, mama," mdogo wangu akasema.

"Mko pamoja?"

"Tuko pamoja. Huyu hapa Profesa."

Tulisikia pumzi yake ikipanda na kushuka, yenye mkwaruzo, na kila aliyekuwa hapo, asiyejua neno moja la Kiswahili, aliisikia. Kisha akasema, "Basi njooni pamoja. Msiachane njiani." Dada akasema mama amechoka, simu ikakatika.

Yule mpishi alikuwa amevua miwani. Akaipangusa kwa pindo la gauni, akaivaa, akamshika mdogo wangu kwa mkono wa koti na kumkalisha nyuma ya msichana Muethiopia mwenye mapacha.

"Halas, imekwisha," akawatangazia wote. "Huyu hapa."

Wachadi wawili waliokuwa mahali pale kabla yake walisogeza mifuko yao. Mmoja alisema jambo la kulalamika, mwenzake akampiga kofi la begani. Tulikuwa tumezoea kuomba kwa makafili, kwa ajenti, kwa makarani kama mimi. Sikumbuki mahali pengine Saudia ambapo mmoja wetu alieleza shida na mtu akasogea.

Kisha yule mpishi akanigeukia. "Na wewe? Unakaa wapi kwenye foleni?"

"Mimi nina ikama," nikamwambia. "Nina viza inakuja."

"Ah," akasema, kama anayempongeza mtu.

Basi lilikuja Ijumaa baada ya sala, nami nilikuwepo. Askari walikuwa vijana, wamechoka, na mmoja alimuuliza mdogo wangu kama anakwenda harusini. Alipanda akiwa ameshika pacha mmoja wa yule Muethiopia, kwa kuwa msichana hakuwa na mikono ya kutosha. Alichungulia dirishani.

"Profesa! Utanipita njiani! Ukifika mwambie anisubiri!"

"Nitamwambia!"

Nilimaanisha. Nilirudi chumbani nikakunja nguo zangu, nikaweka shuka nililomnunulia mama Balad, la pamba, jepesi, kwa sababu dada alisema ngozi yake imekuwa laini.

Bosi wangu hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, kisa kingekuwa chepesi kukisimulia. Alinisikiliza, akaniombea mama afya kwa maneno marefu mazuri, akamwita mandubi, yule mfanyakazi wa kukimbizana na karatasi za serikali, akamwambia ashughulikie. Mandubi akasema bukra, yaani kesho. Kesho yake mtandao wa ofisi fulani ulikuwa chini. Kesho kutwa ikawa faili la kampuni lina kasoro ndogo, na mpaka kasoro iondolewe hakuna mfanyakazi wa kampuni atakayetoka. Halafu mandubi mwenyewe akasafiri kwao kuoa. Meli za kabla ya Ramadhani zikapanga foleni bahari nzima, na Mhindi wa hesabu akaniambia kwa upole kwamba nikiendelea kwenda kwa bosi kila asubuhi, atachoka na uso wangu.

Nilikwenda kila asubuhi. Nilivaa tai. Niliambatanisha barua ya hospitali, kisha tafsiri ya barua ya hospitali. Nilikuwa na kila kitu ambacho mtu anatakiwa kuwa nacho.

Siku moja saa za kazi simu ililia kwa namba ya nyumbani. Nikapokea nikidhani ni dada.

"Profesa."

"Uko wapi?"

"Nimekaa hapa na mama."

Wengine hukaa tarhili miezi. Yeye alikuwa na cheti cha safari cha dharura alichopewa na ubalozi kabla hajatoka Riyadh, kukatokea ndege yenye nafasi, akapelekwa uwanjani na suti yake iliyojikunja. Alishuka Nairobi bila mfuko hata mmoja, akaomba lifti kwa malori mpaka Voi, akapanda mlima.

Aliniambia mama alipapasa kola ya koti lake. Akamwambia amenenepa, jambo ambalo lilikuwa uongo wa wazi. Kisha akauliza, "Na mwenzako?"

"Anakuja, mama. Yeye ana karatasi zote."

"Karatasi za nini?" mama akauliza.

Mdogo wangu alinisimulia hilo kama kichekesho, kwa namna tuliyozoea, na nusu ya njia sauti yake ikakatika. Nilimsikia akitoka nje, nikasikia mlango, nikasikia kuku.

Mdogo wangu alikaa na mama siku zile zilizobaki. Alimgeuza kitandani, alimlisha uji kwa kijiko, alimwimbia nyimbo za kanisani kwa maneno yaliyokosewa ili akasirike amsahihishe. Mama alifariki asubuhi, mdogo wangu akiwa amemshika mkono. Dada ndiye aliyenipigia. Nilikuwa nahakiki hati za meli ya saruji, nikamaliza ukurasa ule, sijui kwa nini.

Walinisubiri. Kwetu kifungua mimba ndiye hutupa udongo wa kwanza, na baba zetu wadogo walisema mama hawezi kushushwa huku mtoto wake wa kwanza yu hai na ana kazi nzuri. Nikawaambia viza iko karibu. Niliwaambia hivyo mara ya pili. Mvua zikaanza, barabara ya mlimani ikaanza kuteleza, na mwishowe baba mdogo mkubwa alichukua simu mwenyewe.

"Mwanangu, huko ulikoenda umefungwa?"

"Sijafungwa, baba. Niko kazini."

"Basi sisi tunazika."

Siku ya mazishi nilisimama kwenye ngazi za nyuma za ofisi. Mdogo wangu alinyanyua simu juu ya vichwa vya watu. Nilisikia kwaya, nikasikia mchungaji ambaye upepo ulimla maneno, nikasikia mtu akisema "sogea, sogea, shika kamba hiyo." Halafu udongo. Sikujua kwamba udongo unasikika kwenye simu ya mbali namna ile.

Baadaye akanipigia. "Nimetupa mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza nikasema hii ni ya Profesa. Watu wamenisikia."

Ofisini sikumwambia mtu. Ilikuwa hesabu ya hovyo lakini niliifanya: bosi akijua kwamba mama amekwisha kuzikwa, ataona hakuna haraka tena. Kwa hiyo niliendelea kwenda kila asubuhi na tai yangu, nikiulizia viza ya kwenda kumwona mama mgonjwa. Mandubi alirudi kutoka harusini akiwa na hina viganjani, akalifungua faili, akairekebisha ile kasoro kabla ya chai. Bosi aliniita. Alikuwa na furaha ya kweli usoni, furaha ya mtu aliyetenda wema. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Yalla," akaniambia. "Nenda kwa mama. Mbusu kichwa kwa niaba yangu."

Nilimshukuru. Nikasema nitambusu.

Nilifika Taita kwa ndege na gari la kukodi, nikiwa na masanduku. Watoto walikimbia mbele ya gari. Majirani walinipokea kwa heshima kubwa, wakanipa kiti chenye mto, wakanipa pole kwa sauti ya chini. Kaburi lilikuwa limeshuka kidogo upande mmoja kwa mvua, na mdogo wangu alikuwa akilijaza kwa koleo, amevaa ile suruali ya suti aliyoikata ikawa kaptura. Tulikumbatiana. Dada alituletea chai tukanywa tumesimama, bila utani. Nilitandika lile shuka la pamba kwenye kitanda kitupu cha mama, nikaliondoa, nikampa dada.

Jioni nilishuka dukani kununua chumvi. Wanaume waliokuwa wamekaa kwenye benchi walisimama kunisalimu. Waliniuliza habari za Saudia, mishahara, joto. Kisha mmoja wao, mtu tuliyesoma naye, akasogea karibu na kupunguza sauti, kwa ajili ya kunistahi.

"Samahani kaka. Huyu mdogo wako, sisi tumesikia tu. Alifanya kosa gani huko hata serikali ikamfukuza?"

Wote walingoja. Mwenye duka alisimama na chumvi mkononi.

"Alitaka kumzika mama," nikasema.

Wakaendelea kungoja, wakidhani sijamaliza.